Mvua ya Jumapili Niliyoimwaga

Siku yangu ya kwanza kazini nilisimamishwa mbele ya kopo la shaba lililofukiwa nusu ardhini, nikaambiwa nilitazame mpaka nitakapoitwa. Ilikuwa Malindi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, kwenye kituo cha kupima hali ya hewa. Mimi nilikuwa kijana wa Taita niliyeshuka pwani na cheti cha kidato cha nne na shati jeupe moja tu la heshima. Nilitarajia kuonyeshwa mitambo yenye taa na mishale. Badala yake nilisimama juani karibu saa nzima nikilikodolea macho kopo, jasho likinitiririka mgongoni. Hatimaye akatoka Mpimaji Mkuu, mzee wa Malindi mwenye suruali fupi iliyopigwa pasi na soksi ndefu, akasimama kando yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeona nini?"

"Kopo, mzee."

"Na ndani ya kopo?"

"Hamna kitu."

"Basi umeona sifuri. Sifuri nayo ni kipimo. Ukiiandika bila kuiona, umesema uongo sawasawa na aliyeandika mia."

Nilimwona mzee wa kuchosha. Miaka ile nilikuwa mwepesi wa kuwaona wazee hivyo.

Nyinyi mnaosoma haya bado wadogo, na huenda mengine mmeyasikia darasani, lakini nivumilieni niyaeleze nilivyofunzwa. Kopo lile ndilo kipimamvua. Juu lina mdomo wa duara, chini ya mdomo kuna faneli, na faneli inapeleka maji kwenye chupa iliyofichwa ndani, ili jua lisiyachukue kabla mpimaji hajafika. Kila siku saa tatu asubuhi, wala si saa tatu na dakika tano, mpimaji hutoa chupa, humimina maji kwenye glasi nyembamba yenye mistari, huinama mpaka jicho lilingane na uso wa maji, na kusoma milimita. Milimita moja maana yake ni hii: kama mvua ingebaki pale pale ilipoangukia, isinywewe na ardhi wala isitiririke, basi mahali pote pangefunikwa na maji ya kina cha milimita moja. Na kwa kuwa maji yanayokutwa asubuhi huwa mengi yake yalianguka jana, huandikwa kwenye mstari wa jana. Ukipima Jumatatu asubuhi, unaandika mvua ya Jumapili.

Wiki ile ile Mpimaji Mkuu alinipa glasi ya maji ya kunywa, akaniuliza yametoka wapi. Nikamjibu yametoka mferejini.

"Na kabla ya mfereji?"

"Mtoni, mzee. Sabaki."

"Na kabla ya mto?"

"Mvua."

"Na kabla ya mvua?"

Nikaitazama glasi.

"Baharini, mwanangu. Na ndani ya dafu. Na kwenye kwapa lako hilo lililolowa, na kwenye mkojo wa mbuzi wa jirani. Kunywa."

Nilikunywa kwa shida. Lakini hiyo ndiyo habari nzima ya mzunguko wa maji, na sijapata kuisikia ikielezwa kwa maneno machache kuliko hayo. Jua hupasha bahari, mito, majani na ngozi zetu, maji yakageuka mvuke na kupanda. Mvuke wenyewe hauonekani. Ule weupe mnaouona juu ya sufuria inayochemka si mvuke tena, ni matone madogo mno yaliyokwisha kupoa. Juu angani kuna baridi, na mvuke ukifika huko hushika punje za vumbi au za chumvi ya bahari, ukawa matone, na matone mengi pamoja ndiyo wingu. Yakigongana na kuungana huwa mazito, yakashindwa kuelea, yakaanguka. Yaliyoanguka mengine huzama chini, mengine hukimbilia mtoni, mengine hunywewa na mnazi na kutolewa hewani na makuti yake, na safari ikaanza upya.

Tulikuwa na chombo cha kuipima safari ile ya kupanda pia. Ni beseni pana la bati, likaalo juu ya mbao, lililojaa maji karibu ya ukingo, nalo huitwa beseni la uvukizi. Kila asubuhi unapima uso wa maji umeshuka kiasi gani, na maji yaliyopungua ndiyo yaliyochukuliwa na jua. Mvua ikinyesha, maji ya beseni hupanda, na kupanda kwake ni lazima kupatane na ulichokisoma kwenye glasi. Ndiyo kusema kopo na beseni vinachungana. Likumbukeni hilo, maana ndilo lililonitesa.

Baada ya miaka miwili hivi, Afisa wa Mkoa, aliyekuwa na ofisi yake Mombasa, aliniita akanipa barua. Nilikuwa nimepandishwa daraja na kupewa kituo changu mwenyewe, nyuma ya Bofa, karibu na Kilifi. Nilifurahi kupita kiasi. Nilipofika ndipo nikaelewa kwamba "kituo chako mwenyewe" maana yake ni kwamba hakuna mtu mwingine. Palikuwa na mraba wa nyasi uliozungushiwa seng'enge, kibanda cheupe cha vipimajoto chenye kuta za vipande vya mbao vilivyopandana ili hewa ipite na jua lisiingie, kopo, beseni, nguzo ya kupimia upepo, na nyumba ya chumba kimoja na jiko. Simu haikuwapo. Mwisho wa mwezi nilikuwa najaza fomu na kuipeleka posta.

Nitasema wazi, nilikuwa mpweke. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na siku nyingine tangu asubuhi hadi jua kuzama sauti pekee niliyoisikia ikitoka kinywani mwangu ni ya kusoma tarakimu. Nilianza kuzisoma kwa sauti makusudi. Kwenye hoteli za ufukweni walikuwako watu wengi, lakini hakuna aliyekuwa na haja na mimi. Wenyeji walipita kandokando ya seng'enge wakanisalimu kwa adabu na kwenda zao. Waliniita Bwana Hewa, na sidhani watatu kati yao walilijua jina langu.

Mmoja alilijua, lakini naye alichagua kuniita mwanangu. Huyo ni Mama Karisa, Mgiriama, mjane wa umri kama wa mama yangu, aliyekuwa akiangalia uwanja wa mbata wa tajiri mmoja wa mjini Kilifi. Mbata ni nazi iliyopasuliwa na kukaushwa, na pale kwetu ilikaushwa kwa jua. Uwanja ulikuwa ng'ambo ya njia. Kila asubuhi yeye na wanawake wanne walianika nazi juu ya majamvi, na jioni wakaziingiza bandani. Mbata ikilowa kabla ya kukauka sawasawa huota ukungu, ikawa nyeusi, na kiwanda hakiichukui. Kwa hiyo kazi ya Mama Karisa yote ilikuwa ni kuitazama anga, kama yangu, na kila siku baada ya kipimo cha saa tatu alikuja kwenye seng'enge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lasemaje kopo lako?"

"Sifuri. Mawingu vipande viwili."

Nilikuwa nimemweleza kwamba sisi huigawa anga vipande vinane kwa macho, tukahesabu ni vingapi vimefunikwa. Jambo lile lilimchekesha kila siku. "Na nani amevikata?" alikuwa akiniuliza. "Serikali?" Kisha alikuwa akitazama juu mwenyewe, akinusa upepo, na kuamua kuanika au kutoanika, na mara nyingi uamuzi wake ulikuwa bora kuliko wangu. Mazungumzo yetu hayakuzidi robo saa. Nilikuwa nikiamka nikiyangoja.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Katika miezi ya kaskazi, baada ya Krismasi, pwani ile hukauka kabisa. Unaweza kuandika sifuri wiki tatu mfululizo, na wapimaji wa vituo vya upweke walikuwa na ugonjwa wao, ambao hakuna aliyeutaja mbele ya wakubwa. Walijaza sifuri za kesho leo. Mimi niliuchukia ugonjwa ule mpaka Januari moja nilipopata habari kwamba watu wa kwetu waliokuwa wakifanya kazi Mtwapa wangekutana Jumapili, wapike, waimbe kwa lugha yetu. Jumamosi, baada ya kipimo, nilikaa mezani na kalamu ya wino nikaandika sifuri kwenye mstari wa Jumamosi na wa Jumapili. Joto la siku zote mbili nililitunga kwa kulipandisha na kulishusha nukta chache la Ijumaa. Nikafunga lango, nikavuka mkono wa bahari wa Kilifi kwa feri.

Sitawadanganya kwamba sikufurahi. Nilikula, nilicheka, niliimba mpaka sauti ikakauka. Mtwapa jua lilikuwa kali Jumapili yote na mbinguni hamna wingu, nami sikufikiria mvua hata mara moja. Jumatatu foleni ya feri ilikuwa ndefu, nikafika kituoni saa nane mchana.

Mchanga ulikuwa mkavu, nyasi kavu. Nililiona beseni kwanza. Maji yake yalikuwa yamepanda juu ya alama. Nilikwenda kwenye kopo, nikatoa chupa, nikaihisi nzito mkononi.

Jambo hili hutokea pwani, na laiti ningelikumbuka. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Hewa iliyo juu ya nchi huwa nyepesi na kupanda, na hewa ya baharini, iliyojaa mvuke, huingia kushika nafasi yake. Mahali pamoja hewa ikipanda kwa nguvu kuliko kwingine, wingu moja hukua harakaharaka, likamwaga kila lilicho nacho kwa nusu saa na kwisha. Upande huu watu wanalowa, na upande wa pili wa mkono wa bahari watu wanaanika nguo.

Nilimimina maji kwenye glasi, nikainama, nikasoma. Milimita kumi na moja nukta mbili. Kisha nikaenda kukitazama kitabu. Sifuri yangu ya wino ilikuwa pale kwenye mstari wa Jumapili. Katika kazi yetu kufuta ni marufuku. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya tarakimu, ili isomeke, unaandika sahihi yake kando, unatia saini na kueleza sababu. Na mimi sababu yangu ilikuwa pilau ya Mtwapa. Mkaguzi wa Vituo alikuwa amemfukuza kazi mpimaji mwingine kwa dogo kuliko hilo.

Nikatoka nje nikaimwaga mvua ya Jumapili kwenye nyasi. Ardhi iliinywa papo hapo. Kisha nikakumbuka beseni. Nikachukua mkebe wa maziwa, nikateka maji, nikamwaga, nikapima, nikateka tena, mpaka beseni likasema maneno yale yale niliyoyataka. Nilifanya kazi ile kwa uangalifu mkubwa, na usoni nilikuwa nawaka moto.

Jumanne Mama Karisa hakuja kwenye seng'enge. Ng'ambo ya njia niliwaona wanawake wakizigeuza nazi na kuwasha moto wa vifuu vya nazi ili zikauke kwa moshi. Nilijua kwa nini. Njia ile hatua zake hazifiki ishirini, na sikuivuka. Nilijiambia kwamba watafaulu kuziokoa, na kwamba hata wasipofaulu, kitabu changu hakihusiani na nazi.

Alhamisi tajiri alikuja mwenyewe na gari lake. Alisimama langoni kwangu, Mama Karisa nyuma yake, leso imefungwa kiunoni.

"Habari za kazi, kijana. Nina shida nawe kidogo. Mbata yangu yote imeota ukungu. Huyu mama asema Jumapili kulinyesha. Mimi nilikuwa mjini Kilifi, sikuona hata tone. Wenzake nao wasema kulinyesha, lakini wenzake ni wenzake. Mimi nasema zimeachwa nje siku tatu nne zikala umande. Wewe ni mtu wa serikali, una kitabu. Nifungulie tuone."

Nilikileta kitabu. Nikaweka kidole kwenye mstari wa Jumapili.

"Sifuri," tajiri alisoma.

"Mwanangu," Mama Karisa alisema, "hebu tazama vyema. Mawingu yalitoka baharini, baada ya saa saba. Wenzangu walikuwa wameenda kanisani. Nimevuta turubai peke yangu, nimelowa mimi mpaka kichwani. Hukukuta maji kwenye kopo?"

Alikuwa ananitazama kwa matumaini. Hakuwa na shaka hata kidogo kwamba ningesema kweli.

"Kitabu kinasema sifuri, mama."

Hakupandisha sauti, wala hakulia. Aliendelea kunitazama kidogo, kisha akatazama chini. Tajiri akasema, "Basi, mama. Nipe ufunguo wa banda." Mama Karisa akafungua fundo kwenye pindo la leso, akatoa ufunguo, akampa. Alikuwa ameushika uwanja ule tangu mumewe alipokufa, na wanawake wote wa Bofa waliomjua wangesikia kufikia jioni kwamba ameuharibu kwa uvivu. Aliondoka kwa miguu akiufuata ukingo wa njia. Mimi nikarudi ndani na kitabu changu.

Nilidhani nimeujua upweke kabla ya hapo. Wanawake wanne waliobaki hawakunisalimu tena. Uwanjani akaletwa shangazi wa tajiri. Saa tatu nilipima, nikaandika, na baada ya saa tatu hapakuwa na mtu wa kumwambia. Nilishindwa hata kuzisoma tarakimu kwa sauti. Niliinama juu ya glasi na kila nilichokisoma nikakisoma mara tatu, maana sikujiamini tena kwamba naona kilichopo.

Mwisho wa mwezi nilikaa na fomu. Nilipoufikia mstari wa Jumapili ile kalamu haikwenda. Nilijua kwamba nikiinakili sifuri ile na kuipeleka posta, itakwenda Mombasa, kisha Nairobi, na itakaa kwenye makabati ya serikali baada yangu na baada ya Mama Karisa, na yeyote atakayeuliza milele atajibiwa kwamba yule mama alisema uongo. Asubuhi yake nilifanya kipimo cha saa tatu, nikakitia kitabu kwenye mkoba, nikaenda Mombasa mwenyewe.

Afisa wa Mkoa alikuwa mtu mrefu mwenye miwani mizito, asiyependa wageni wasio na miadi.

"Umeileta fomu kwa mkono? Posta imefungwa?"

Nikamweleza yote, nimesimama. Mtwapa, sifuri, beseni, mkebe wa maziwa, Mama Karisa. Aliposikia habari ya mkebe alivua miwani.

"Ulikuwa na njia ya tatu," alisema. "Ungeacha mstari mtupu ukaandika hakikupimwa. Ningekugombeza, nikakukata siku zako za likizo, mambo yakaisha. Pengo tunaweza kuishi nalo. Sasa niambie, ilikuwa mvua kiasi gani?"

"Kumi na moja nukta mbili, bwana."

"Umejuaje, na uliimwaga?"

"Niliipima kwanza."

"Ulikuwa unakwenda kuimwaga, na ukaipima kwanza?"

"Mazoea, bwana."

Alinitazama kwa muda, na kwa sekunde moja nilidhani atacheka. Hakucheka. Alinisogezea kitabu na kalamu. Nikapiga mstari mmoja juu ya sifuri, nikaandika kando kumi na moja nukta mbili, nikatia saini, na mahali pa sababu nikaandika kwa ukamilifu kwamba sikuwapo kituoni. Joto nililolitunga na kipimo cha beseni navyo nikavipiga mstari, na kwa kuwa sikuwa na vya kweli vya kuweka, nikaandika havikupimwa. Naye akatia saini yake chini. Kisha akaniandikia barua mbili. Moja ilikuwa ya onyo kali na uhamisho, na ya pili, yenye muhuri, ilieleza kwa yeyote anayehusika kwamba Jumapili ile mvua ilinyesha nyuma ya Bofa.

Barua ya pili nilimpelekea tajiri dukani kwake. Sitamsema vibaya, kwani aliisoma mara mbili akaudhika kwa haki. "Wewe ndiye uliyenifanya nimdhulumu mama wa watu," aliniambia mbele ya wateja. Siku iliyofuata alimwita mzee wa mtaa na wanawake wa uwanjani, akasema hadharani kwamba Mama Karisa hana kosa. Lakini ufunguo alikuwa amekwisha kumpa shangazi yake, na shangazi hakuuachia. Jina la Mama Karisa lilisafishwa, kazi hakuirudia.

Nilimfuata nyumbani kwake nikiwa nimekwisha kufunga mizigo. Nilimkuta uani akisuka makuti ya kuuza. Nikamwamkia, akaitika. Nikamweleza kwamba kitabu sasa kinasema kweli, kumi na moja nukta mbili, na muhuri wa Mombasa upo.

Hakuacha kusuka. "Mimi mvua niliiona kwa macho yangu," alisema. "Ilinipiga kichwani. Sikuwa na haja ya kitabu kuniambia ilinyesha. Siku ile langoni nilikuwa nakungoja wewe."

Nikasema nisamehe, mama. Akasema ameshasamehe, na kwamba jua linazidi kupanda na feri haingoji mtu.

Yaliyobaki nitayaeleza kwa ufupi. Nilihamishiwa Garsen, kisha Voi, kisha Lodwar, ambako beseni la uvukizi lilikuwa likipoteza maji mpaka unadhani lina tundu. Nilipanda madaraja polepole. Nikaoa, mke wangu akafariki mapema, na watoto wakaenda na kazi zao. Miaka ya mwisho nilikuwa Mpimaji Mkuu mimi mwenyewe, nikawafunza vijana wengi. Niliwafunza kuinama, kulinganisha jicho na maji, na kuuacha mstari mtupu kama hawakuwapo, na kila kundi nililisimulia kisa hiki bila kubadilisha jina la mwenye kosa. Siku hizi nasikia vyombo vingine vinajipima vyenyewe na kutuma tarakimu kwa simu. Ni vizuri, kwa sababu chombo hakipati hamu ya kwenda Mtwapa.

Mimi nilistaafia Mtwapa hiyo hiyo. Nina chumba cha kupanga ghorofani, katikati ya kelele za baa, na majirani wanaobadilika kila mwezi. Watu wananiuliza kwa nini sikurudi Taita. Ukweli ni kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikijiambia Bofa si mbali, siku moja nitakwenda. Mwaka huu, baada ya masika, nilikwenda.

Yu hai. Ni mzee sana, macho yameingia ukungu, lakini anakaa wima. Uwanja wa mbata umekuwa nyumba za wageni, naye anaishi na mwanawe Karisa kwenye nyumba ya matofali. Nilimwamkia, nikataja jina langu, nikataja na Bwana Hewa. Niliona usoni mwake kwamba amenitambua. Akaagiza kiti. Akaagiza chai na mahamri. Akaniuliza habari za safari, na kama barabara imekuwa nzuri siku hizi, na kama watoto wangu hawajambo. Nikajibu yote. Nilikaa mpaka chai ikapoa, nikingoja anigombeze. Ningefurahi mno kugombezwa. Nilipoaga alijiinua kwa shida, akanisindikiza hadi mlangoni, kwa adabu zote anazopewa mgeni.

"Ahsante kwa kututembelea, bwana," alisema, akarudi ndani.